Bati, kigae, makuti au zege: paa lipi lihimili upepo wa dhoruba Mombasa

Kusi imezoeleka. Huanza kuvuma Aprili, hukaza Juni na Julai, na mwenye nyumba wa Nyali au Likoni anajua itamjia kutoka wapi: kusini na kusini-mashariki, upande wa bahari. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari pepo hizi zinapotarajiwa kupita nouti 25, yaani karibu mita 13 kwa sekunde.

Upepo wa dhoruba ya radi ni jambo jingine. Ndani ya wingu zito, mvua huipoza hewa, hewa hiyo baridi huwa nzito, huporomoka hadi chini na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hufika dakika chache kabla ya tone la kwanza la mvua. Hutoka upande wowote lilipo wingu, iwe Changamwe au baharini, na mara nyingi huwa umekwisha kabla ya nusu saa. Majira yake ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ikaipa kusi mgongo bado haijakingwa. Paa linalofaa ni lile lililofungwa sawasawa pande zote nne.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayoeleza yote yanayofuata. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Kusi ya nouti 25 husukuma kwa uzito wa takriban kilo 10 na nusu kwa kila mita ya mraba. Mvumo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kwa karibu kilo 48. Na upepo unapopita juu ya paa hauligandamizi tu. Hulifyonza kwenda juu, na kwenye pembe, kingo na kilele ufyonzaji huo hufika maradufu au zaidi. Chukua basi kilo 95 kwa mita ya mraba kwenye ukingo wa paa, kisha uangalie paa lako lina uzito gani.

| | Bati | Vigae vya udongo au saruji | Makuti | Zege |
|---|---|---|---|---|
| Uzito kwa mita ya mraba | kilo 3 hadi 5 | kilo 40 hadi 50 | mepesi, huzidi yakilowa | kilo 360 kwa unene wa sentimita 15 |
| Mwinamo unaofaa | digrii 15 na zaidi | digrii 25 hadi 35 | digrii 40 hadi 45 | mdogo tu, wa kutiririsha maji |
| Huanza kung'oka wapi | kingo na pembe, mara nyingi pamoja na pau (mbao zinazopigiliwa bati) | vigae vya kilele na safu ya chini | safu za juu na upande wa upepo | haling'oki. Hung'oka vilivyo juu yake |
| Chumvi ya bahari hula nini | vichwa vya misumari na kingo zilizokatwa | misumari tu | haina neno | nondo, zege likiwa duni |
| Ukarabati baada ya dhoruba | haraka, lakini bati lililopinda halirudi | kigae kwa kigae | kuti kwa kuti | hauhitajiki mara nyingi |

Jedwali halitoshi kuchagulia, kwa kuwa kila aina ina namna yake ya kushindwa, na hapo ndipo pesa hupotea.

Bati

Ndilo paa la mitaa mingi, kuanzia nyumba za Kiswahili za Kisauni na Mshomoroni hadi maboma mapya ya Utange. Uzito wake hauwezi lolote mbele ya upepo. Kilo 4 dhidi ya kilo 48 si mashindano, kwa hiyo bati hubaki mahali pake kwa kufungwa tu. Ndiyo sababu mawe na matairi yanayopangwa juu ya bati hayasaidii: jiwe la kilo 10 haliwezi kushindana na upepo unaovuta bati zima, na likianguka litampata mtu.

Unene kwanza. Namba ya geji ikipungua, bati huwa nene zaidi. Geji 32 ni jepesi mno kwa paa la nyumba ya kuishi pwani. Geji 30 ni karibu milimita 0.3 na linatosha mahali palipozungukwa na nyumba nyingine; geji 28, karibu milimita 0.4, ndilo la kununua ikiwa kiwanja kiko wazi, ukingoni mwa hori (mkono wa bahari), ufukweni au juu ya mwinuko. Soma milimita zilizochapishwa kwenye bati lenyewe, usitegemee jina la geji peke yake.

Kwa nini unene una maana hivyo? Mji wa Darwin, Australia, ulipopigwa na kimbunga Tracy mwishoni mwa Desemba 1974, mapaa mengi ya bati yaliondoka kwa uchovu wa chuma. Upepo haukuyavuta mara moja. Uliyavuta na kuyaachia maelfu ya mara. Bati linapinda na kunyooka kuzunguka kichwa cha msumari, ufa unaanza tunduni, tundu linapanuka, mwishowe bati linapita juu ya kichwa na msumari unabaki kwenye mbao. Ukiona paa limeezuliwa na misumari imesimama safi kwenye pau, sababu ni hiyo: bati jembamba, au vifungio vichache mno. Ukiona misumari imeondoka na bati, basi mbao ndiyo iliyoshindwa kuishika. Na ukiona bati liko barabarani likiwa bado na pau zake, kosa liko chini zaidi, penye kiungo cha pau na kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa.

Msumari au skrubu? Hapa hatuna shaka: skrubu. Msumari laini wa bati ukipigwa kwenye mbao mbichi hushika leo, lakini mbao ikikauka tundu hulegea. Jua la mchana hulitanua bati, usiku bati hunywea, na msumari hupanda kidogo kidogo. Skrubu ina meno. Haitoki kwa kuvutwa kirahisi. Tumia za milimita 65 zenye washa ya mpira, ziingie kwenye mbao angalau milimita 30, na ziwe zimepakwa kinga ya kutu ya kufaa pwani. Fundi asizikaze mpaka mpira utokeze pembeni: washa iliyopondwa hupasuka kwa jua na kuanza kuvuja. Ikiwa mfuko hauruhusu, basi nunua misumari iliyosokotwa badala ya laini, na weka skrubu kwenye kingo peke yake. Huo ni upungufu, lakini umewekwa mahali panapoumiza kidogo.

Idadi ya vifungio isiwe moja paa zima. Katikati, kifungio kila tuta la tatu la bati la mawimbi. Kwenye mita moja na robo ya kwanza kutoka kila ukingo, na pande zote mbili za kilele, kila tuta la pili. Pau za sehemu hiyo zikaribiane: sentimita 60 hadi 75, badala ya 90 au 120 za katikati. Fundi wengi hupiga sawasawa paa zima kwa mazoea, na bati huanza kufunuka pembeni.

Kuhusu chumvi: karibu na bahari, kama Shanzu au Bamburi upande wa ufukwe, bati la zinki tupu hukongoroka haraka, na kichwa cha msumari hutangulia. Bati la mchanganyiko wa alumini na zinki, lililopakwa rangi, hukaa zaidi. Bati la alumini tupu halipati kutu, lakini lisigusane na chuma wala saruji mbichi, na kwa wepesi wake linahitaji vifungio vingi zaidi. Kata kwa mkasi wa bati. Gurainda huunguza kinga ya ukingo, na cheche zake hujibandika kwenye bati na kuota madoa ya kutu ndani ya wiki chache.

Mpangilio nao una kanuni. Anza kuezeka upande wa kaskazini ukielekea kusini, kila bati jipya likilalia la nyuma yake, ili mdomo wa mapishano usikabili kusi. Mapishano ya ubavuni yawe tuta moja na nusu; ya juu na chini yawe sentimita 15, au 20 ikiwa mwinamo uko chini ya digrii 15.

Vigae

Watu husema kigae ni kizito, kwa hiyo ni salama. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kilo 45 kwa mita ya mraba hukaribia kilo 48 za mvumo tuliopiga hesabu, hivyo katikati ya paa kigae hulala kwa uzito wake. Kwenye ukingo, penye kilo 95, uzito hautoshi. Kigae kimoja kikiinuka, upepo huingia chini ya jirani yake, na safu nzima hufuata. Kila kigae cha safu mbili za chini, cha pembeni na cha karibu na kilele lazima kipigiliwe msumari. Waulize mafundi kabla hawajapanda, kwa maana baada ya kupangwa hakuna anayeweza kuona.

Udhaifu mkubwa ni vigae vya kilele. Huwekwa juu ya saruji tupu, saruji hupasuka miaka michache baadaye kwa sababu mbao chini yake zinacheza, na dhoruba inavikuta vimekaa tu. Kigae cha kilele kinachoruka kutoka ghorofa ya kwanza ni hatari kuliko bati. Vifungwe kwa waya usioshika kutu au skrubu kwenye ubao wa kilele, saruji iwe ya kuziba tu.

Usiweke vigae juu ya kenchi zilizotengenezwa kwa ajili ya bati. Paa la mita za mraba 100 hubeba tani nne hadi tano za vigae. Kenchi hupinda, vigae huachana, na mianya hiyo ndiyo mlango wa upepo.

Vigae vya chuma vilivyonyunyiziwa kokoto ndogo vinaitwa vigae kwa sura tu. Uzito wao ni kilo 6 au 7, kwa hiyo kwa upepo ni bati, na vinafungwa kwa sheria za bati. Faida yao ni kwamba hufungwa ukingoni kwa mlalo, ubavu kwa ubavu, na kelele ya mvua hupungua.

Makuti

Makuti ya viungo yaliyoezekwa vizuri yana siri moja: yanapitisha hewa. Shinikizo la ndani na la nje husawazika kupitia paa lenyewe, kwa hiyo ufyonzaji wake ni mdogo kuliko wa bati. Mwinamo mkali wa digrii 40 na zaidi nao husaidia, maana upepo husukuma upande unaoukabili badala ya kuunyanyua. Muundo wa boriti na kombamoyo (miti ya mteremko wa paa) zilizofungwa kwa kamba hupinda bila kukatika.

Kinachoharibu makuti ni uchoyo. Safu zikiachana mno, zaidi ya sentimita 10 au 12 kati ya kuti na kuti, upepo hupata pa kushika na mvua hupata pa kupita. Makuti yaliyozeeka huwa majani makavu yasiyo na uzito, na dhoruba huyakwangua safu kwa safu. Kisha kuna moto, na hilo ndilo linalotufanya tusiyashauri kwenye mitaa iliyobanana: paa moja likishika na upepo ukivuma, cheche zinakwenda nyumba ya tatu. Kwa banda la bustani, mgahawa wa ufukweni au nyumba iliyo peke yake, ni chaguo zuri. Weka kwenye hesabu kuezeka upya kila baada ya miaka michache.

Zege

Upepo wa dhoruba hauna la kufanya na zege la kilo 360. Mwenye uwezo na mwenye mpango wa ghorofa amalizie hapo. Lakini msingi na kuta lazima viwe vimekusudiwa mzigo huo tangu mwanzo, na pwani nondo zinahitaji kufunikwa na zege la sentimita 4 hadi 5, lililochanganywa kwa maji matamu na mchanga usio wa bahari. Chumvi ikiwa ndani ya zege, nondo huvimba kwa kutu na kulipasua kutoka ndani.

Vinavyoruka ni vya juu yake: tangi tupu la plastiki, kivuli cha bati cha kuanikia nguo, paneli za sola. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja na halitikisiki. Likiwa tupu ni pipa tu. Lifunge kwa mikanda kwenye kulabu zilizozikwa kwenye zege. Ukuta mdogo wa ukingoni uliojengwa kwa tofali moja bila nguzo nao huanguka, tena kuelekea barabarani.

Umbo huamua kabla ya vifaa

Paa la miteremko minne hushinda la miteremko miwili, kwa kuwa halina ukuta wa pembetatu wa kupokea upepo uso kwa uso. Mwinamo wa digrii 25 hadi 30 ni bora kuliko lile paa bapa la digrii 5 linalopendwa sasa, lililofichwa nyuma ya ukuta. Paa bapa ndilo linalofyonzwa kwa nguvu zaidi. Upenu usizidi sentimita 60.

Baraza la mbele linastahili kutazamwa peke yake. Liko wazi chini, upepo hulisukuma kutoka chini na kulifyonza kutoka juu kwa wakati mmoja. Likiwa limeunganishwa na paa kubwa kwa bati lilelile, likiinuka linalifunua paa lote kama kifuniko cha mkebe. Lijenge kwa pau zake na mabati yake, likutane na ukuta chini ya paa kubwa, ili likipotea lipotee peke yake.

Mnyororo: bati, pau, kenchi, mtambaapanya, ukuta

Paa lolote lisilo la zege huvunjika penye kiungo dhaifu kuliko vyote, na kwa nyumba nyingi kiungo hicho hakionekani kutoka nje. Chukua pau zilizoachana mita 1.2 juu ya kenchi zilizoachana mita 1.2: kila kiungo hubeba mita ya mraba 1.44, yaani karibu kilo 137 kwenye ukingo. Msumari mmoja wa inchi nne uliopigwa kwenye msonobari ulionunuliwa mbichi hauwezi kutegemewa kwa mzigo huo. Weka misumari miwili iliyopigwa kwa mshazari pande mbili, pamoja na ukanda wa chuma wenye zinki unaopita juu ya pau na kupigiliwa kwenye kenchi kila upande.

Kenchi nayo ifungwe kwenye mtambaapanya, yaani ubao unaolazwa juu ya ukuta, kwa ukanda wa milimita 25 hadi 30, misumari mifupi minne kila upande. Mtambaapanya usilazwe juu ya mawe kwa saruji tu. Jiwe la matumbawe na saruji havishiki vikivutwa kwenda juu. Paa huondoka na safu ya mwisho ya mawe. Zika nondo ya milimita 12 kwenye mkanda wa zege juu ya kuta, au, pasipo mkanda, teremsha ukanda wa chuma ndani ya ukuta angalau safu tatu, kila mita 1.2.

Kuezeka upya au kukaza lililopo?

Huu ndio uamuzi wa wenye nyumba wengi kuliko ule wa kuchagua kati ya bati na kigae. Panda darini na tochi. Choma mbao kwa bisibisi karibu na kila kiungo: ikizama sentimita moja bila nguvu, mchwa au uozo umeshafika, na kukaza hapo ni kupoteza misumari. Tazama nuru inayopenya matunduni. Tundu lililopanuka kuliko kichwa cha msumari, likiwa kwenye zaidi ya robo ya vifungio, au kutu iliyotoboa bati kwenye mapishano, ni dalili ya kuezeka upya. Mbao zikiwa nzima na bati zima, kaza.

Ukikaza, anza chini ya mnyororo: kenchi na ukuta, kisha pau na kenchi, bati mwisho. Mwenye kuanza na skrubu za bati huku pau zikiwa za msumari mmoja ameutengenezea upepo tanga kubwa zaidi. Usitoe msumari mzee na kutia skrubu tundu lilelile; piga skrubu tuta la jirani, kisha ziba tundu kwa mpira wa kuzibia. Pesa zikitosha nusu tu, maliza ukingo wote wa paa, mita moja na robo kuzunguka, kabla ya kugusa katikati. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, ndiyo miezi ya kazi hii.

Madirisha na milango yamo kwenye hesabu hiyohiyo. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kwa chini huku juu likifyonzwa. Komeo la juu na la chini kwenye mlango wa mbele ni ulinzi wa paa pia.

Tungechagua hivi

Nyumba ya kupangisha Kisauni au Mikindani, katikati ya nyumba nyingine: bati geji 30 lililopakwa rangi, miteremko minne, skrubu, na fedha iliyobaki iingie kwenye mikanda ya kenchi badala ya bati la fahari. Kiwanja wazi Utange au karibu na hori: geji 28. Umbali wa kutembea hadi bahari: vigae vya udongo au saruji kama kenchi zimetengenezwa kwa ajili yake, la sivyo alumini na zinki. Banda la wageni: makuti. Anayetaka ghorofa baada ya miaka mitano: zege sasa, bila bati la muda juu yake.

Paa likishaezuliwa, usipande kabla ya kuangalia nyaya za stima. Waya ulioanguka juu ya bati lenye maji hulitia umeme paa zima. Kaeni mbali nalo, msiguse ukuta wala mfereji, mpaka Kenya Power wakate. Turubali la muda lisishikiliwe kwa mawe. Lipitishe juu ya kilele, kunja kingo zake kwenye fito za mbao, na pigilia fito hizo kwenye kenchi zilizobaki.